Winchi Ndogo na Mkorosho wa Nne

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, twende pamoja. Safari yenyewe si ndefu. Kwenye ramani unaifunika kwa kidole gumba. Lakini ndiyo iliyonifundisha kuchagua winchi, ile mashine inayofungwa mbele ya gari ili lijivute lenyewe likizama kwenye tope. Na nilipoondoka nyumbani nilikuwa nimejiandaa kuchagua vibaya kabisa.

Mimi ni fundi wa pampu za visima. Ninakaa Nachingwea, nina jipu dogo la milango miwili linalobeba mabomba yangu juu ya keria. Masika yaliyopita lilizama mbugani nikienda kijiji cha Chunyu, vijana wa huko wakalitoa kwa mabega, nikafika siku ya pili, nimechafuka kama mfinyanzi. Mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, Bi Somoe alinipigia simu Jumatano jioni. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji kule.

"Fundi, pampu imekata tangu juzi. Unapiga mkono, unapiga mkono, inakohoa tu."

"Mnachota wapi, Bi Somoe?"

"Dimbwini, wapi tena? Tunagawana na mbuzi. Mjukuu wangu ameshaanza kuharisha. Na safari hii usije na gari la kubebwa mabegani. Vijana wangu wako shambani."

Nilimwahidi kufika kesho yake kabla ya jua kuzama. Kisha nikampigia fundi mmoja wa Ruangwa, ambaye wiki iliyotangulia aliniambia ana winchi mbili zilizotumika, kubwa na ndogo. Nikamwambia aniwekee ile kubwa.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Nachingwea. Nilipakia kila kitu: mabomba, fito za chuma, mipira ya ndani ya pampu, sanduku la spana, dumu la petroli. Kabla ya kutoka mjini nilipita kwenye ghala la mazao, nikamwomba mpimaji anipimie gari kwenye mizani ya malori. Akacheka. "Leo korosho zimekuja na injini?" Alinipimia nikiwa ndani, na mizani ikasema tani moja na robo.

Hapa nitasimama kidogo nieleze, maana wengi hukosea. Watu husoma uzito wa gari kwenye karatasi zake. Uzito ule ni wa gari tupu, lakini gari tupu si lile litakalozama. Litakalozama ni lile lenye mabomba na dumu na wewe mwenyewe uliyekula uji. Ukishapata uzito huo, uzidishe mara moja na nusu, kwa sababu tope hushika. Kulivuta gari lililozama si sawa na kulivuta likiwa barabarani. Kwangu jibu lilikuwa karibu tani mbili. Hesabu nilikuwa nayo mfukoni, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye winchi kubwa. Niliwaza: nguvu ikizidi, itanidhuru nini?

Saa tatu kasorobo, Ruangwa. Njia yote ilikuwa udongo mwekundu uliolowa, na mikorosho kushoto na kulia ikidondosha maji. Wanawake walikuwa wakielekea mashambani, majembe begani, khanga zimefungwa juu ya magoti. Gereji ya Fundi Issa, yule niliyempigia simu, iko nyuma ya soko. Issa ni kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno ya redio ya Dar es Salaam na mikono ya mtu wa kazi.

"Shikamoo, mzee wangu. Mzigo wako ule pale. Huo ni noma, unavuta tani tano na nusu."

Winchi kubwa ilikuwa juu ya gunia, na waya wake wa chuma mnene kama kidole. Ndogo ilikuwa kando, inavuta tani mbili na kidogo, imezungushiwa kamba laini ya plastiki imara. Ilionekana kama kitu cha kuanikia nguo.

"Nifungie hii kubwa," nikasema.

Issa aliita mafundi wenzake wawili, wakaja wakakaa juu ya bampa la mbele ya jipu langu, na yeye akakaa katikati. Pua ya gari ikainama.

"Umeona? Tumekaa watatu, nimezidisha kidogo ili uone vizuri. Ila chuma kile na bampa lake jipya ni kama mtu mmoja mzima amekaa hapa usiku na mchana. Springi zako hizi za mbele ni za gari dogo. Utaingia kwenye tope kichwa kwanza, halafu useme winchi imekutoa, kumbe ndiyo iliyokuzamisha."

"Lakini nguvu..."

"Nguvu inatoka wapi, mzee? Inatoka kwenye betri. Betri yako ni hii ndogo kama kiganja. Ile kubwa itainywa kama chai. Ninyi watu wa Nachingwea mkiona kikubwa hamlali."

Mafundi wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa amenipata. Jambo lililonimaliza lilikuwa la muda. Kubwa ilihitaji kukata bampa na kuchomelea, kazi ya siku nzima. Ndogo ingefungwa kwa boliti nne kwenye fremu. Bi Somoe alikuwa na dimbwi, mimi nilikuwa na muda wa hadi jua kuzama.

Issa angepata faida zaidi kwa kuniuzia kubwa, na hilo alilijua kuliko mimi. Alipokuwa akifunga ndogo alinieleza habari ya kamba. Waya wa chuma ni mgumu kuharibika kwa mawe na mchanga, lakini ukikatika chini ya mvuto unaruka kama mjeledi na unaweza kuua. Kamba ya plastiki ni nyepesi na ikikatika haina hasira nyingi, ila haipendi jua wala kusuguliwa na jiwe, kwa hiyo uifunike na uikague.

"Ina mita kumi na tano," akasema. "Chukua na hii ya nyongeza, mita ishirini, pamoja na mkanda mpana wa kufungia kwenye mti."

"Mita ishirini za nini? Miti imejaa kila mahali."

"Chukua, mzee wangu. Mti haukufuati."

Saa saba na nusu mchana, mbugani. Niliondoka Ruangwa saa sita. Baada ya mwendo wa saa moja na zaidi udongo mwekundu uliisha, likaanza tope jeusi. Barabara pale inashuka, kisha inaelekea moja kwa moja kwenye kilima chenye mikorosho. Chini, pande zote mbili, ni ufuta tu, miche ya urefu wa kidole. Nilishika gia ndogo, nikaenda polepole, na gari likazama taratibu hadi magurudumu yakafunikwa nusu.

Sikuogopa. Nilivua viatu, nikatoa kamba, nikatembea hadi kwenye mkorosho wa kwanza kwenye ukingo wa kilima. Ulikuwa mdogo, na wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa mnene kuliko mapipa mawili, hatua thelathini kutoka kwenye gari. Nikaanza kuuzungushia mkanda.

"Wee bwana! Umemwuliza nani?"

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye jembe, anakuja kwa haraka kati ya miche. Tulisalimiana. Jina lake Shaibu, shamba ni lake. Nikamwomba radhi, nikamwomba ruhusa.

"Ungetaka ufuta ningekuruhusu," akasema. "Miti si yangu. Baba alipofariki tuligawana: mimi ardhi, dada yangu miti. Mimi mwenyewe sikati hata tawi la kuni."

Huku kwetu mambo hayo ni ya kawaida, ardhi kuwa na mwenyewe na mkorosho kuwa na mwenyewe mwingine. Niliyajua tangu utotoni, lakini tope lilinisahaulisha. Dada yake, Bi Mwajuma, ameolewa Nandagala. Shaibu akapiga simu, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Nani huyo anataka kufunga mkorosho wangu kama mbuzi?"

"Ni fundi wa pampu, dada. Anakwenda Chunyu, hawana maji."

Bi Mwajuma akaniuliza mimi: "Fundi, unaufunga kwa mnyororo?"

"Hapana, dada yangu. Mkanda mpana, gome halitachubuka."

"Haya. Mti upi?"

"Wa tatu, huu mkubwa."

"Huo usiuguse!" Sauti yake ilipanda. "Si kwa uchoyo. Huo umeliwa na mchwa ndani, mwaka jana haukuzaa hata bakuli moja. Funga wa nne. Huo baba aliupanda mwenyewe, mizizi yake imeshika mwamba."

Shaibu aligonga shina la ule wa tatu kwa mpini wa jembe. Likalia kama ngoma, gome likamong'onyoka, na mchwa wakamwagika. Tulitazamana. Kama ningevuta, shina lingevunjika na kuja upande wetu, na huenda nisingekuwa hapa nikikusimulia.

Mkorosho wa nne ulikuwa hatua arobaini na mbili. Kamba yangu ya mita kumi na tano isingeufikia hata kwa dua. Nikaunga ile ya nyongeza, ikafika, na kwenye ngoma ya winchi, ile silinda inayozungushiwa kamba, ikabaki mizunguko kumi, kiasi ambacho hutakiwi kukipunguza, ili kamba isichomoke. Na hapa kuna jambo zuri: winchi huvuta kwa nguvu zaidi kamba inapobaki kidogo kwenye ngoma. Kamba ikijaa, ngoma inanenepa na nguvu inapungua.

Nikaacha injini iungurume ili betri isichoke. Nikatandika gunia lenye tope juu ya kamba katikati, lishike kamba chini ikikatika. Nikamwomba Shaibu asimame mbali, pembeni, kamwe si kwenye mstari wa kamba.

"Kamashine kenyewe haka?" akauliza. "Kataweza?"

Nikabonyeza swichi. Winchi ikalia kwa sauti nyembamba, kamba ikakaza, na kwa muda gari halikufanya lolote. Kisha tope likaachia kwa mlio wa busu kubwa, na jipu likaanza kutambaa, hatua kwa hatua, hadi magurudumu ya mbele yakapanda udongo mwekundu.

"Dada, mti wako mzima!" Shaibu akapiga kelele kwenye simu ambayo hakuwa ameikata.

"Nimesikia," Bi Mwajuma akajibu. "Fundi, wasalimie wa Chunyu."

Saa kumi alasiri, Chunyu. Bi Somoe alilizunguka gari langu, akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Mabega ya nani safari hii?"

"Ya mkorosho wa Bi Mwajuma."

"Basi ingia kazini, maneno baadaye."

Tatizo lilikuwa mipira ya ndani ya pampu, imelika. Tulitoa fito moja baada ya moja, wanawake watano wakishika, tukafunga mipira mipya, tukarudisha. Jua lilikuwa halijazama pampu ilipotema maji, kwanza ya kutu, kisha meupe. Bi Somoe alijaza ndoo ya kwanza, akaipeleka mwenyewe nyumbani kwa mjukuu wake. Aliporudi hakuniambia asante. Aliniletea ugali wa muhogo na kisamvu, akakaa nami mpaka nikamaliza.

Ijumaa asubuhi, njia ya kurudi. Mjukuu alikuwa amekunywa maji yaliyochemshwa na uji, amelala vizuri. Kule mbugani nilisimama kabla ya tope, nikashuka, nikaijaribu kwa miguu kwanza njia ya juu inayolikwepa tope, ambayo jana sikuitafuta, nikaikuta ngumu, nikapita na gari bila kuigusa winchi. Nilijifunza kwamba uzito unakuambia winchi ya nguvu gani, lakini njia yako na watu wake ndio wanaokuambia kamba ya urefu gani na mahali pa kuifunga. Hilo la pili haliuzwi gereji.

Kwa hiyo, kabla hujanunua, nenda kwa miguu hadi pale gari lako huzama. Hesabu hatua kutoka kwenye tope hadi mti ulio imara, ugonge shina lake, umtafute mwenye mti na uandike namba yake ya simu. Kisha nenda dukani na idadi hiyo ya hatua, ununue kamba inayofika.