Wananchi Wenye Hasira Kali

Zamani waandishi wa habari walikuwa na neno lao, wananchi. Barabara ikichongwa, wananchi wameshukuru. Mkubwa akija, wananchi wamefurika. Na mtu akipigwa mpaka akafa, waliompiga ni wananchi wenye hasira kali, basi, habari imeisha, tunaingia michezo.

Mimi nililisikia nikiwa nimelazwa Kyela, mkono umefungwa. Redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili ilisema wananchi wenye hasira kali wamemuua mtu anayedhaniwa kuwa mwizi wa mpunga. Mtu huyo alikuwa mume wangu.

Sisi wa Ikombe, kando ya ziwa, tunafinyanga vyungu. Siku zile bei ya chungu ilikuwa kujaa kwake. Anayekitaka anakijaza mpunga, mpunga unauchukua wewe, chungu kinabaki kwake. Tulitoka kwa mtumbwi, tukashuka, tukapita vijijini upande wa Njisi. Mpaka mchana vyungu vilikuwa vimekwisha na gunia limejaa. Kumbe wiki hiyo mpunga ulikuwa unaibwa huko.

Mwenye mashine ya kukoboa akatusimamisha. Akauliza watu wasio na shamba wametoa wapi mpunga. Mume wangu akaonyesha nyumba ya jirani, akasema mama wa pale ndiye aliyetujazia chungu kikubwa asubuhi. Akaitwa. Mama yule alikuwa amechota mpunga bila kumwambia mumewe, na mumewe amesimama palepale. Mama akatutazama mmoja mmoja. Akasema hajawahi kutuona.

Wa kwanza kupiga alikuwa mwenye mashine. Akafuata mpiga ngoma wa kwaya, kijana niliyemsikia akipiga vizuri sana kwaya yao ilipokuja kwetu Ikombe Jumapili iliyotangulia. Halafu mume wa yule mama, na mpini wa jembe. Wengine walisimama kuangalia, akina mama wameshika watoto wao mkono.

Mwanangu alikulia katika habari ile ya redio. Shuleni aliitwa mtoto wa mwizi. Nilimweleza mambo ya chungu na mpunga, akaniambia mama kila mke angesema hivyo. Yuko Mbeya sasa. Hapigi simu.

Mwandishi aliyepeleka habari ile nilimtafuta. Hakuwa mtu mbaya, alinipa kiti, akaniagizia soda. Nikamtajia wote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, sisi ndivyo tunavyoandika," akasema. "Polisi wakisema wananchi, na sisi tunaandika wananchi. Nikiweka jina la mtu, lazima apatikane mwingine wa kushuhudia."

Nikamwambia mimi nilikuwepo, nilipigwa. Akasema wewe ni mke. Nikamuuliza, je, mwenye mpunga akikiri kuwa mpunga ulikuwa wake? Akasema hapo ataandika upya kwamba marehemu hakuwa mwizi, hata ipite miaka.

Ikapita. Yule mama alikuwa anamwogopa mumewe, nami nilijua hatasema mumewe akiwa hai. Mwanamume yule alipokufa, nikampigia mwandishi. Alikuwa amezeeka, ameacha kazi, lakini alikuja, akashuka kwenye bajaji na fimbo.

Matanga yalikuwa yamekwisha. Mama akanipokea jikoni, tukiwa wawili tu, akanishika mkono huu usionyooka.

"Ule mpunga ulikuwa wangu, dada. Chungu chenu bado ninacho."

Alilia. Mimi sikulia. Nikamwambia yaseme hayo hayo nje, kuna mzee anakusubiri, ni maneno mawili tu, mwanangu ayasikie. Akajifuta macho kwa kanga, tukatoka. Mwandishi akamuuliza taratibu, kwa heshima, ni nani waliompiga yule mtu na ule mpunga ulikuwa wa nani.

"Ni wananchi, baba," akasema. "Walikuwa wengi. Mambo ya mpunga mimi siyajui."

Mwandishi akaangalia chini. Akaomba maji ya kunywa, akapewa, akanywa yote. Bajaji ilipowaka aliniambia, pole mama, nimejaribu. Nilibaki barabarani na mkoba wangu.

Kwa hiyo naandika mwenyewe, kwa mwandiko wa darasa la nne. Mume wangu hakuwa mwizi. Aliuawa na mwenye mashine ya kukoboa, mpiga ngoma wa kwaya na mume wa mwanamke aliyechukua chungu chetu. Mwanamke huyo alikuwepo, yuko hai, na anajua.