Mshipa Kando ya Jicho la Baba

Harufu ya supu ya kichwa cha mbuzi ikinipata njiani, hata leo, napunguza mwendo bila kupenda. Sio njaa. Inanirudisha Masii, Ukambani, miaka ya tisini, kwenye bucha ya baba yangu, ambapo sufuria jeusi lilikaa motoni tangu alfajiri, naye Baba akitia chumvi kwa kiganja. Supu isiyo na chumvi, alisema, ni maji ya kuoshea vyombo.

Akipasua kifua cha mbuzi, aliniita nione moyo, ambao yeye aliuita roho, na mishipa yake.

"Gusa hapa, Mwaitu." Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni "mama yangu"; nilipewa jina la mamake Baba, Nduku, basi kwake nilikuwa mama. "Hii inatoa damu kwa roho. Roho inasukuma na nguvu, kwa hivyo lazima ikuwe ngumu. Ona, ukikata inabaki wazi." Kisha alivuta mshipa mwingine, mwembamba, ukalala bapa kidoleni mwake. "Hii nayo inarudisha tu. Hapa damu inatembea pole pole."

Ule mgumu alinikatia kipande, nikakivaa kama pete. Mama alichukia pete hiyo kupita kiasi.

Baba naye alikuwa na mshipa wake. Ulijipinda kando ya jicho la kushoto, na alipocheka au kuinua mzoga, ulicheza. Nilipenda kukaa mapajani mwake na kuuwekea kidole ili unipige. Kwa akili yangu ya kitoto, mtu mwenye mshipa kama huo alikuwa na roho yenye nguvu kuliko baba wote wa Masii.

Kwenye kliniki walimwambia ana presha, wakampa dawa. Alizimeza mpaka kichwa kikaacha kumuuma, kisha akaziacha.

"Baba Nduku, umemeza dawa?" Mama aliuliza kila asubuhi, mwanzoni kwa upole, baadaye bila upole wowote.

"Dawa ni ya mgonjwa. Mimi niko na shida gani?"

Na kweli, hakuna aliyeona shida. Bado aliinua mbuzi mzima peke yake, akitania wateja.

Siku moja ya soko kisu kilimponyoka. Alikitazama pale chini kana kwamba ni cha mtu mwingine. Alipojaribu kuniita, jina lilitoka limevurugika, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka. Wateja walimbeba kwa pikapu ya nyanya hadi hospitalini, na daktari akamwambia Mama kwamba mshipa umepasuka ndani ya kichwa.

Niliporuhusiwa kumwona, hakufungua macho. Lakini mshipa wake ulikuwa pale pale, ukiruka. Niliuwekea kidole, nikamwambia Mama asilie, Baba hawezi kufa, roho yake bado inasukuma na nguvu sana. Mama aligeukia ukuta. Tulimzika kabla ya mvua.

Sasa nimefika umri wake, na presha yake nimeirithi. Namkasirikia bado, sifichi. Aliijua mishipa ya mbuzi yote, lakini hakujua kwamba mshipa wa mtu unaweza kupigwa kutoka ndani miaka na miaka bila kuuma. Nesi akinifunga kile kitambaa cha upepo cha kupimia presha mkononi, nahisi mapigo yangu, na kidole changu kinakumbuka yake. Nilikuwa nikiyafurahia. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakimuua.