Ufunguo Ndani ya Mtungi wa Badri

Kwa miaka tisa Eteri aliwapeleka wageni Kakheti, mkoa wa mizabibu wa Georgia, kuonja mvinyo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akimeza. Alionja, akasifu, akatema. Wageni walidhani ni utaalamu. Ilikuwa hofu.

Zamani alikuwa mwalimu wa Kifaransa mjini Tbilisi, mke wa Otari. Jioni moja walitoka kwenye karamu ya ubatizo. Otari alishika usukani huku akiimba, naye Eteri akaketi kando yake. Aliyaona macho ya mumewe. Aliuona mkono ukitafuta gia na kuikosa. Hakusema neno, kwa kuwa nyuma walikaa wakwe zake, na mke mwenye adabu hamwambii mumewe mbele ya wazazi kwamba amelewa. Watu wengi huita adabu kile ambacho ni woga mtupu. Kwenye kona ya nne ya mlima Gombori gari liliacha barabara. Otari alikufa papo hapo. Eteri alitoka akichechemea, na mpaka leo anachechemea. Tangu hapo, katika kila karamu, alihesabu pembe za mvinyo alizokunywa dereva.

Siku hiyo ya Oktoba dereva alikuwa Tamazi, mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, aliyemzika babake miezi sita iliyopita. Wageni walikuwa kumi na mmoja, na ndege yao ilikuwa iondoke kesho yake alfajiri. Walionja asubuhi katika nyumba mbili za mvinyo, na saa nane mchana wakaketi kwa Badri, mtengeneza mvinyo, kwa chakula: mishikaki iliyochomwa juu ya matawi ya mzabibu, jibini, mkate wa tanuri. Meza ilitandikwa ndani ya pishi, hatua chache kutoka mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini hadi shingoni. Midomo yake ilikuwa wazi, maana zabibu za mwaka huo zilikuwa bado zinachachuka.

"Tamazi!" Badri aliita kutoka kichwani mwa meza. "Mbona unanyemelea mlangoni kama mwizi wa kuku? Njoo ule."

"Naendesha, mjomba."

"Nani kakwambia uendeshe mshikaki? Keti!"

Tamazi akaketi. Badri aliinuka na pembe ya ng'ombe iliyojaa mvinyo mpaka ukingoni, na majirani zake wawili wakainuka pamoja naye.

"Hii ni ya waliotutangulia. Tamazi, babako ndiye aliyenisaidia kufukia mtungi ule wa tatu. Udongo wake uko chini ya miguu yako. Utamnyima?"

"Kaka Badri," Eteri alisema, "dereva atagusa kwa midomo tu. Mungu anaona nia."

"Mwalimu, pembe haina kitako. Haiwekwi chini mpaka iwe tupu. Au unataka ammwage babake mezani?"

Majirani walicheka. Tamazi alikunywa yote huku machozi yakimtiririka.

Hapo ndipo hofu ilipomshika Eteri barabara, kwa kuwa aliijua njia ya karamu kama sala. Mtu haondoki mezani akiwa amewanywea wafu. Ni sharti awanywee walio hai, kisha watoto, kisha mwenye nyumba. Pembe ya pili ikaja. Ikaja ya tatu. Tamazi sasa alikuwa akiimba, na sauti yake ilikuwa ileile ya Otari, au hofu ndiyo iliyoifanya iwe ileile.

Alitoka nje akapiga simu ofisini. Nje ukungu ulikuwa umeanza kushuka mlimani.

"Pembe tatu tu?" mkubwa wake alisema. "Bibi wee, Tamazi ni mwana wa Kakheti, amenyonya hiyo kitu. Mpe kahawa. Wageni wana ndege. Usituletee maigizo."

Akarudi pishini. "Tamazi, nipe ufunguo wa gari. Wageni wanasikia baridi, nikawachukulie makoti."

Akampa bila kuangalia. Eteri alipofika kwenye mitungi, Tamazi akaita: "Dada Eteri, washa na gari kabisa, lipate joto! Nimalizie hii moja twende."

"Huendeshi leo," Eteri alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Ati nini?"

Badri aliinuka. "Mwalimu, usimwaibishe mwanaume mezani pangu. Mrudishie ufunguo wake."

"Dada, nipe," Tamazi alisema kwa upole, akimjia na mkono wazi. "Mimi siye mumeo."

Eteri aliutazama mkono ule, kisha akautazama wake, ambao tayari ulikuwa umeanza kunyooka. Aliujua mkono wake. Ungeombwa mara moja zaidi, ungetoa. Basi akaunyoosha upande mwingine, juu ya mtungi wa tatu, akaachia. Ufunguo ulitoboa maganda ya zabibu na kupotea chini ya lita elfu mbili.

Kisha Badri akapiga kelele kama aliyefiwa. "Kazi ya mwaka! Mwanamke, umetemea kaburi la babake Tamazi! Usikanyage tena hapa, na wageni wako wasikanyage!"

Tamazi aliketi sakafuni kando ya mtungi na kutumbukiza mkono mpaka begani. Hakufika hata nusu. Akalala hapohapo, mkono mwekundu kifuani.

Iliwachukua saa mbili kumpata Gocha, mzee wa mji wa Telavi mwenye basi dogo bovu, ambaye ini lake lilishamkataza pombe. Simu ya Eteri ililia mara saba kutoka ofisini. Eteri hakupokea, alijua itakachosema, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Walipanda Gombori na wageni, kurudi Tbilisi, ndani ya ukungu, Tamazi akikoroma nyuma. Eteri alikaa mbele, akazihesabu kona. Kwenye ya nne alikanyaga sakafu kwa mguu wake mbovu kwa nguvu zake zote.

"Mama," Gocha alisema, "breki iko upande wangu."

"Najua," Eteri alijibu. "Punguza mwendo."

Gocha akapunguza.