Maziwa Yaliyogandia Mdomoni

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kila mtu Kitengela alikuwa broka wa mashamba. Aliyetuangukia sisi alijua neno moja tu la Kimaasai, salamu ya "supa", na alilisema hata pale ilipofaa kusema pole. Alitaka baba auze kipande chetu cha mwisho, kile cha bondeni, chenye nyasi hata wakati wa kiangazi. Ng'ombe wetu hawakuwa na malisho mengine. Mama alikataa katakata, nami nilikuwa upande wake, lakini hati ilikuwa na jina la baba peke yake.

Siku ya kutia sahihi, broka alimwita baba kwenye baa. Mimi na mama tukamfuata ili tumzuie. Tulikuta kinywaji kimeandaliwa kwa heshima yetu: unashika mdomoni pombe ya krimu, unamiminiwa maji ya ndimu juu yake, unatikisa kichwa, unameza.

"Mzee, hii ni ya kwenu kabisa. Iko na maziwa ndani!" broka akasema.

Nikapewa mimi kwanza. Nilipotikisa kichwa, kitu kikaganda. Ilikuwa kama kutafuna uji uliolala, uliotiwa spiriti. Nilimeza kwa ajili ya adabu, macho yakanitoka, wahudumu wakacheka mpaka wakashika meza.

Baba hakumeza. Kwetu maziwa yakitoka na mabonge, kiwele kina ugonjwa, na maziwa hayo hata mbwa hapewi. Aliyatema kiganjani, akaenda nayo dirishani, akayapekua kwa kidole kama daktari wa mifugo.

"Huyu ng'ombe ni mgonjwa," alisema. "Na wewe unajua, na umenipea."

Broka akaapa kwamba hakuna ng'ombe, ni chupa tu.

"Mtu wa kupea mgeni maziwa kama haya, mimi siwezi fanya kazi na yeye."

Mama akachukua kikapu chake upesi. Nilifurahi hadi nikasahau tumbo langu. Ningekunywa uchafu ule tena, glasi nzima, kwa shukrani.

Lakini broka hakuwa mjinga. Aliagiza bia mbili za moto, zisizotiwa kwenye friji, jinsi baba alivyozipenda. Ya kwanza baba aliisukutulia mdomo na kuitema nje. Ya pili aliinywa taratibu, akaketi, akaomba kalamu. Namchukia yule mtu hadi leo.

Tulirudi kwa miguu, baba mbele, akilalamika njia nzima jinsi watu wa mjini wanavyoharibu maziwa. Tulipofika bondeni mama alisimama, akawatazama ng'ombe wakila.

"Maziwa ameangalia kwa mwanga," aliniambia. "Karatasi hata hakuuliza inasema nini."