Shubiri Moja Kushoto

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia niliwahi kutembea na bastola kiunoni, hudhani nilikuwa jasiri. Ujasiri gani? Niliwaogopa wezi, niliiogopa bastola yenyewe, niliogopa hata paka akiangusha kopo huko stoo.

Woga huo ulianza mchana kweupe. Wanaume wawili waliingia kwenye duka langu la hadiwea hapa mtaa wa Baba Dogo, wakaulizia misumari ya mabati, na nilipoinama kupima, mmoja akanigandamiza kitu kigumu kisogoni. Walichukua walichotaka wakaenda zao. Majirani waliniambia huenda ilikuwa bonoko tu, bastola ya uongo, kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi. Walisema hivyo wakicheka. Kisogo hakikuwa chao!

Nikaomba leseni, nikazungushwa weee, mwishowe nikaipata. Aliyenifundisha kupiga risasi alikuwa mama mmoja, afande mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kupasua masikio. Alinionyesha njia mbili. Ya kwanza ni ya jicho: unainua bastola hadi usoni, unatafuta kile kinundu kilicho kwenye ncha ya mtutu, unakiweka juu ya unachokilenga, ndipo unapofyatua. Ya pili ni ya mkono. Hii ni ya mtu aliye karibu, hatua tatu hivi. Hutafuti kinundu wala nini, unaelekeza tu kama unavyomnyooshea mtu kidole.

Nilipenda ya mkono, tena sana.

"Unaipenda kwa sababu una haraka ya kumaliza woga wako," afande aliniambia. "Ya jicho angalau inakulazimisha umtazame huyo unayempiga."

"Afande, nikianza kutafuta kinundu si nitakuwa nimeshazikwa?"

Akanifanya nirudie.

Shida ni kwamba kwa jicho nilikuwa napata katikati ya kifua cha ile picha ya mtu tuliyoilenga mazoezini, lakini kwa mkono, hatua tatu tu, risasi zangu zote zilikwenda kushoto. Afande aliweka kidole gumba katikati ya kifua, akatandaza kiganja, na kidole chake kidogo kikagusa tundu. "Shubiri moja. Juzi shubiri moja, leo shubiri moja. Ukiogopa unakaba mshikio kama unayenyonga kuku." Akaniambia nitafute kitu chenye umbo na uzito wa bastola nikifanyie mazoezi ya kushika, maana ile halisi si ya kuchezewa.

Sikuhangaika kutafuta mbali. Baba yangu ni mchongaji. Alitoka Ukambani, kwa wachongaji, akiwa kijana, na banda lake la mabati liko uani, nyuma ya duka langu, anakochonga twiga na vifaru vya wafanyabiashara wa mjini. Nilimpelekea kipande cha katoni nilichochorea umbo la bastola, nikamweleza habari yote, hadi ile shubiri ya kushoto.

"Miaka yote hii nachonga twiga," alisema akicheka, "leo mwanangu mwenyewe ananiagiza bonoko!"

Akakubali. Lakini Baba haharakishwi. Kila siku nilichungulia bandani nikiuliza imefika wapi, na kila siku nilijibiwa mbao haijakauka, tulia. Siku moja nikawaka. "Mzee, hao twiga hawavamiwi na wezi! Ninayevamiwa ni mimi!" Alipuliza vumbi kwenye shingo ya twiga akaendelea na kazi yake, nami nikaondoka nimenuna.

Nikaamua kufanya mazoezi na mkono mtupu. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilisimama stoo nikiutazama mlango wa nyuma, ambao tangu wale wezi waje ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mkono kiunoni, mkono mlangoni. Tena. Tena. Mwisho mkono ulikuwa unajua njia hata nikiwa nawaza mambo mengine.

Siku yenyewe ilikuwa saa tisa mchana. Barabara ya mbele ilikuwa inachimbwa, vumbi limejaa hadi kwenye meno. Nilikuwa stoo nahesabu mikebe ya rangi, moyo umetulia kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Nikasikia kitasa cha mlango wa nyuma kikifunguliwa. Mlango ukafunguka. Mwanga ukaniingia machoni, na ndani ya huo mwanga kulikuwa na mtu, na mbele ya huyo mtu, mkononi mwake, bastola nyeusi inanielekea.

Sikuamua. Nataka hilo lieleweke, ingawa haliniondolei kitu. Mkono ulikwenda wenyewe kama nilivyoufundisha, na nilisikia mlio kabla sijajua kwamba nimefyatua.

Masikio yakaziba. Rangi nyeupe ilianza kutiririka kutoka kwenye mkebe uliokuwa kwenye rafu kando ya mlango, nyuma ya yule mtu, ikashuka, ikafika miguuni pake. Nikaona ndala. Nikaona suruali iliyojaa unga wa mbao. Woi, Mungu wangu! Nilipofika usoni, niliiweka bastola sakafuni.

"Vanishi haijakauka," Baba alisema.

Alisema hivyo mara mbili kwa sauti ndogo, bado ameinyoosha mbele ile bastola ya mbao. Baadaye ndipo nilipoelewa. Mchongaji akipaka vanishi huacha mahali pa kushikia, apapake mwisho kabisa. Kwa hiyo aliishika mahali pamoja tu palipokuwa pakavu, kwenye mshikio, kama mtu yeyote anavyoshika bastola. Hakuifunga kwa gazeti kwa kuwa gazeti lingenata. Hakupitia mbele kwa kuwa vumbi lingeharibu kazi. Ufunguo wa nyuma nilimpa mimi mwenyewe. Alitaka tu nione inavyong'aa.

Nilimpapasa kifua, tumbo, mgongo, nikilia kama mtoto na kumuuliza, "Iko wapi? Imeingia wapi?" Hakukuwa na damu. Kulikuwa na matundu mawili kwenye koti lake la kazi, lile pana ambalo mama yangu alikuwa akimtania kwamba linatosha watu wawili. Moja mbele chini ya kwapa, jingine nyuma yake. Risasi ilipita kati ya mkono na mbavu.

Nilijipeleka kituoni mwenyewe, nikaandikisha maelezo. Bastola ilibaki huko na leseni yake, na sikuifuata tena. Afande aliponipigia simu nilimsikiliza tu akisema pole, pole.

Jioni hiyo nilimkuta Baba bandani. Alikuwa amelitandaza lile koti juu ya meza, kati ya twiga wawili wasio na masikio. Nilikaa kwenye gogo, nikamwambia, "Baba, nisamehe." Aliweka kidole gumba kwenye kifungo cha katikati, akatandaza kiganja chake taratibu, na kidole kidogo kikatua kwenye tundu.

Kisha akakipitisha kidole hicho tunduni.

"Ningeimaliza mwezi uliopita vile ulivyotaka," alisema, "sasa hivi mkono wako ungekuwa umeshanyooka, haupigi tena kushoto."