Uzi Chini ya Dashibodi

Asubuhi ile mama aliweka mfuko mlangoni, mdomo wake umepigwa fundo. Ndani mlikuwa na mashati ya kaka wa Cheche, binti yake.

"Wape wanaohitaji," mama alisema bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Nimechoka kufungua sanduku na kunusa nguo za mtu asiyejulikana kama yu hai au la."

Cheche aliubeba mfuko hadi gereji, akausukumia nyuma ya betri mbovu, ambako hata panya hawana shughuli. Kugawa hakugawa. Kama kutomtii mzazi ni dhambi, aliona heri aibebe hiyo kuliko siku moja akutane na mpita njia aliyevaa shati la kaka yake.

Jina la Cheche alipewa na kaka huyo huyo, siku Cheche alipoangusha spana juu ya betri, moto ukaruka, akarudi nyumbani bila nyusi. Kaka ndiye aliyemfundisha umeme wa magari, kuanzia kushika testa mpaka kulala chali chini ya usukani bila kulalamika. Kisha akaondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Alisema akikaa sawa atawaita. Kwa muda simu yake iliita, halafu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Mama alisubiri mpaka subira yenyewe ikachoka.

Siku hiyo gari la kwanza lilikuwa la mkunga mmoja mstaafu, mstaafu wa jina tu, maana wajawazito wa mtaani walikuwa hawajakubali astaafu. Gari lilikuwa kuukuu, limepauka boneti, lakini injini yake bado ilikuwa na adabu.

"Dashibodi imenishinda," mkunga alisema akishuka. "Nikiwasha taa kubwa, mishale yote inalala. Nikipita kwenye shimo, inaamka. Taa za hatari nazo zinawaka zote, utafikiri gari linataka kufa, na wala halifi!"

"Umeshaipeleka kwa fundi mwingine?"

"Wawili. Wa kwanza kaniuzia betri. Wa pili kabadilisha dashibodi nzima. Sasa dashibodi ni mpya na ugonjwa ni ule ule."

Cheche alicheka. Mafundi wa aina hiyo aliwajua. Mgonjwa akiumwa jino wao hung'oa taya. Aliwasha swichi, kisha akawasha indiketa. Kila indiketa ilipolia, mshale wa mafuta uliitikia kwa kichwa.

"Unaona huo mshale? Moto unaingia vizuri, haupati njia ya kurudi. Waya wa ethi, ule wa kuurudisha moto, haujashika bodi sawasawa. Itabidi nifunue huku chini."

"Funua, mwanangu. Mficha uchi hazai," alisema mkunga, na kwa kazi yake alikuwa na haki ya kuusema msemo huo kuliko mtu yeyote.

Cheche alifungua plastiki ya chini ya usukani, akalala chali, miguu nje, kichwa kando ya pedeli. Maneno ya kaka yake yalimjia, kama yalivyomjia kila alipolala hivyo: umeme kwenda si tatizo, tatizo ni kurudi. Zamani aliyaona ni mafundisho ya kazi tu. Siku hizi aliyasikia yakimsema kaka mwenyewe.

Aliufuata waya mweusi kwa vidole, akiukagua kwa kurunzi. Ulipita nyuma ya redio, ukashuka ubavuni, na kabla ya kufika kwenye bolti ya bodi ulikuwa umeungwa. Aliisogeza kurunzi karibu. Kiungo kilikuwa kimeviringishwa utepe mweusi, na juu ya utepe kimefungwa uzi wa cherehani, mzunguko kwa mzunguko, umebanana bila nafasi. Uzi wa rangi ya damu ya mzee.

Cheche aliipitishia kidole mizunguko ile.

Katika mafundi wote aliowahi kuwaona, ni mmoja tu aliyefunga waya kwa uzi. Utepe ukipata joto hulegea, alikuwa akisema, uzi haulegei, muulize mama. Mizunguko ilielekea kushoto, kwa sababu kaka yake alikuwa mtu wa mashoto. Ncha yake ilikuwa imepenyezwa chini mara mbili na kuchomwa kwa kiberiti. Na rangi hiyo ndiyo ya sare za shule alizokuwa akishona mama. Siku kaka alipoondoka, kibunda kizima cha uzi huo kilitoweka nyumbani, na lawama zote zikamwangukia Cheche. Mpaka leo mama akikosa kitu humwambia, "Au kimekwenda na uzi wangu?"

Alijikokota akatoka nje, akaitazama namba ya gari. Namba za herufi hizo zilikuja kutolewa miaka kadhaa baada ya simu ya kaka kunyamaza, maana yake gari liliingia nchini baada ya hapo. Basi simu ilikuwa imenyamaza, lakini mwenyewe alikuwa hai, amelala chali chini ya usukani huu huu.

"Mkunga, nani alishika nyaya za gari hili?"

"Mwanangu, mimi nimelinunua kwa dereva wa mizigo, naye alilinunua huko mbali, kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Dereva mwenyewe kahama, sijui yuko wapi. Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya," Cheche alisema. Alirudi chini haraka ili machozi yamtoke mahali pasipo na watu.

Kwa muda hakutaka kukigusa kile kiungo. Lakini shaba ndani yake ilikuwa imeota kutu ya kijani. Maji ya kioo cha mbele yalikuwa yakivujia hapo kwa miaka, na uzi hauzuii maji. Mkunga angetoka usiku kufuata wajawazito, naye angewafuata gizani, mishale yote imelala, asijue hata mafuta yamebaki kiasi gani. Cheche alikwangua ncha ile iliyochomwa, akaufungua uzi taratibu bila kuukata, mzunguko kwa mzunguko, kuelekea kulia. Alikata waya uliooza, akaunga mpya kwa risasi ya kuyeyusha, akasafisha bolti mpaka ikang'aa. Taa kubwa zikawashwa. Mishale ikasimama imara, hakuna ulioitikia indiketa.

Jioni alirudi nyumbani na mfuko mkononi. Mama aliuona, akakunja uso.

"Sijakutuma uurudishe."

Cheche alimwekea ule uzi kiganjani. Macho ya mama hayakuwa na nguvu tena, kwa hiyo aliupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akauvuta, akausikiliza ukakamavu wake. Cherehani ilinyamaza.

"Uzi wangu," mama alisema.

Cheche alimweleza yote: kiungo, mashoto, namba ya gari. Kisha, kwa kuwa hakutaka kumdanganya, akaongeza, "Lakini ni wa zamani, mama. Toka wakati huo yamepita mengi. Hatujui alipo, na gari halina wa kutuambia."

"Nimekuuliza alipo?" Mama aliuviringisha uzi kwenye kidole chake, polepole, mpaka ukaisha. "Na mimi nilikusingizia wewe, miaka yote hii."

"Yameisha, mama."

Mama alifungua fundo la mfuko, akatoa mashati moja moja, akiyapapasa kola na vifungo. La tatu alilibakiza magotini. Aliufungua uzi kidoleni na kumnyooshea binti yake, pamoja na sindano.

"Nitungie," alisema. "Hili halina kifungo cha juu, na yule akija hataki kuvaa shati lililo wazi kifuani."