Makala ya Mbau

Mwezi uliopita nilirudi Butembo, na dada yangu akanichemshia maji kwa jiko la umeme. Alichomeka waya ukutani, akakaa, akanitazama kama mtu anayesubiri pongezi. Nilimpongeza. Maji yalichemka bila harufu yoyote, chai ikaja, nami nikainywa kwa huzuni ambayo sikuweza kumweleza. Labda wewe utanielewa.

Sisi tulikua kabla ya nguzo za umeme. Matajiri wachache walikuwa na jenereta zilizonguruma jioni. Mji uliobaki uliendeshwa na makala, ndivyo tunavyoyaita makaa huku kwetu. Mkate wa asubuhi, pasi ya sare za shule, maji ya kumwogesha mtoto mchanga kule maternite, wanakojifungulia akina mama, vyote vilitoka kwenye gunia jeusi. Na gunia zuri lilitoka Mbau, ng'ambo ya Beni, kwenye msitu wa miti migumu. Makala ya mikaratusi ya vilima vyetu yalikuwa ya kudanganyia tu. Yalirusha cheche, yakawaka kwa fujo, na maharage yakabaki vilevile.

Koko, bibi yetu mzaa mama, aliuza makala ya Mbau mbele ya nyumba. Ndiye aliyewasha moto wa kwanza mtaani, baridi ikiwa bado imekaa juu ya mabati, na watoto wa majirani walikuja na makopo kuomba kaa moja la moto. Hakumnyima mtu, ila kila mmoja alipata maneno yake. "Mama yako iko nalala sawa muke ya gouverneur," alimwambia mtoto, huku akimchagulia kaa nono.

Aliyeyachoma makala hayo alikuwa mjomba, kitindamimba wake. Alipanga magogo msituni, akayafunika kwa majani na udongo, akayaacha yaive polepole kwa muda mrefu. Tanuru la namna hiyo haliachwi peke yake. Udongo ukipasuka, upepo unaingia, na jasho lote linageuka majivu. Alikuwa mtu wa utani. Alifika Butembo juu ya mzigo wa Fuso, meno tu yakionekana, akatukimbiza uani ili atupake weusi mashavuni. Nilimpenda kuliko mtu yeyote pale nyumbani.

Kisha watu wenye silaha wakaanza kuingia mashamba ya Mbau, na vijiji vikakimbia. Mjomba naye alikimbia, akafika kwetu na nguo alizovaa tu, tukamshukuru Mungu. Lakini nyuma aliacha tanuru likiiva. Kwa siku chache alikaa akitazama ua mtupu wa koko na wateja waliorudi mikono mitupu.

"Mama, minarudia tu kuifunika," alisema asubuhi moja. "Kama inapata upepo, yote itakuwa majivu."

"Acha ikuwe majivu," koko alijibu. "Batu beko banakimbia, wewe unaenda? Hapana rudia kule, mutoto wangu."

Alicheka, akamwahidi kurudi upesi, akapanda pikipiki ya kwenda Beni.

Hakurudi. Koko aliendelea kuwagawia watoto moto, ila aliacha kuwatania. Siku moja alikuja dereva wa Fuso, Muislamu wa Beni aliyetubebea mzigo miaka yote, akasimama mlangoni na kukataa kiti. Alikuwa amepita Mbau nyuma ya msafara wa askari. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliouawa, alisema, na wote walikwisha kuzikwa pamoja kulekule, kwa haraka. Tanuru lake alilikuta bado limefunikwa, akalifukua na kujaza makala kwenye magunia. Dereva aliyashusha magunia hayo mwenyewe, mgongoni mwake.

Koko alifungua gunia moja, akatoa vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio. Vililia kama sahani.

"Iliiva muzuri," alisema. "Alifika. Aliichunga mpaka ikaisha."

Kisha akakaa chini, palepale kando ya gunia.

Barabara ilikuwa imefungwa na mjini hapakuwa na makala mengine ya maana. Majirani walipokuja matanga na maharage na mihogo yao, waliyatazama magunia yale, hakuna aliyeyagusa. Koko mwenyewe ndiye aliyewaambia wayatumie. Yaliwaka bila moshi hata kidogo, kwa hiyo waliolia hawakuwa na kisingizio.

Siku hizi hakuna mtoto anayetumwa kuomba moto. Koko naye amefariki, na kwenye ule ua limejengwa duka la simu. Usidhani natamani masizi au vidole vilivyopasuka kwa baridi. Namtamani mjomba, basi. Hatuna kaburi lake la kupalilia. Kitu cha mwisho alichokitengeneza kwa mikono yake tulikichoma siku ile, kikaivisha maharage, na sisi watoto tulikula tukashiba.